Mkeka si Barabara: Funzo la Maisha ya Kano Jigoro

Wahenga walisema mnyonge hana haki. Wengi wetu huuchukua usemi huu kama hukumu isiyokatiwa rufani: aliyezaliwa mdogo wa kimo na mchache wa nguvu hana budi kuishi kwa huruma ya wakubwa. Katika karne ya 19 alitokea kijana mmoja wa Kijapani aliyeikataa hukumu hiyo, na njia aliyoifuata katika kuikataa ilizua swali ambalo hadi leo linawagawa watu wanaofunza na wanaojifunza kupigana. Je, anayefanya mazoezi kwa ajili ya mashindano, penye mkeka, mwamuzi na kanuni, huwa anajiandaa kweli kwa siku atakayoviziwa kichochoroni? Au mashindano ni mchezo tu, na kujihami ni jambo jingine kabisa?

Swali hili linawahusu walimu na wanafunzi moja kwa moja. Vilabu vya karate, judo na taekwondo vimo katika vyuo vikuu vyetu na katika baadhi ya shule, na mzazi anayemruhusu bintiye kujiunga navyo hutaraji kwamba binti huyo atajua kujilinda. Kuna wakufunzi wanaodai kuwa michezo ya medali haimfai mtu barabarani, na kwamba wao wanafunza mapigo ya hatari yasiyoruhusiwa ulingoni. Wenzao huwajibu kuwa mapigo hayo ya hatari hayajawahi kujaribiwa na yeyote, kwa hivyo ni maneno matupu. Aghalabu mjadala huu huendeshwa bila kumkumbuka mtu aliyeutafakari kwa zaidi ya miaka 50, tena mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa ualimu. Mtu huyo ni Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo. Kano ndilo jina la ukoo, maana Wajapani hulitanguliza jina la ukoo.

Kano alizaliwa mwaka 1860 huko Mikage, karibu na Kobe, katika jamii iliyojulikana kwa utengenezaji wa pombe ya mchele. Mama yake alifariki Kano akiwa bado mtoto, na baba yake, aliyefanya kazi na serikali, akamhamishia Tokyo. Ilikuwa miaka ya mageuzi makubwa. Utawala wa kale wa mashogun ulikuwa umeanguka mwaka 1868, na Japani ilikuwa ikikimbilia elimu, mavazi na mitambo ya Ulaya. Kijana Kano alitiwa katika shule ya bweni iliyofunzwa na walimu wa kigeni. Alikuwa hodari wa masomo na lugha, lakini mwili wake ulikuwa mdogo. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama sentimita 157. Wanafunzi wakubwa walimwonea, wakampiga, na masomo yake hayakumsaidia chochote.

Alisikia kuwa ipo sanaa ya zamani iitwayo jujutsu, ambayo humwezesha mdogo kumwangusha mkubwa. Kumpata mwalimu hakukuwa rahisi. Sanaa za vita zilikuwa zimedharauliwa kama masalio ya enzi iliyopita. Mnamo 1876 serikali ilipiga marufuku uvaaji wa panga hadharani, na mabingwa wengi wa jujutsu walibaki wakiishi kwa kazi ya kuunga mifupa. Kano aliwasaka waunga mifupa hao hadi mwaka 1877 alipompata Fukuda Hachinosuke, bingwa wa mkondo wa Tenjin Shin'yo. Mwaka huo huo ndio aliojiunga na Chuo Kikuu cha Tokyo, kilichokuwa kimeanzishwa punde. Akawa mchana anasoma siasa na uchumi, jioni anabwagwa chini katika kiambaza cha mwunga mifupa.

Namna Fukuda alivyofunza inafaa kuzingatiwa na kila mwalimu. Inasimuliwa kuwa Kano alimwuliza aeleze mkono uwekwe wapi na mguu upite wapi katika mwereka fulani. Badala ya kujibu, mzee alimpiga mwereka huo. Kano akainuka, akauliza tena, akabwagwa tena, mara kadhaa, mpaka mwili wake ukaanza kupata jibu ambalo ulimi wa mwalimu haukulitoa. Fukuda alipenda wanafunzi washikane na kushindana kwa hiari, kila mmoja akijitahidi kumwangusha mwenzake. Zoezi la namna hii huitwa randori. Zoezi la pili huitwa kata, ambapo watu wawili hufuata mfululizo wa vitendo vilivyopangwa tangu kale: huyu anajua atashambulia vipi, na yule anajua atajibu vipi.

Katika randori ndimo Kano alimokutana na Fukushima Kanekichi, mwanafunzi mwenzake aliyemzidi uzito kwa mbali. Kila Kano alichojaribu kilishindwa. Alijaribu mbinu za sumo, mieleka ya jadi ya Kijapani, zisifae. Hatimaye akaenda maktaba, akafungua vitabu vya mieleka ya Kizungu, na humo akaona namna ya kuinama chini ya kifua cha mpinzani, kumshika paja, kumweka mabegani na kumgeuza kama gurudumu. Akaizoeza kwa siri na marafiki, kisha akarudi kwa Fukushima na kumbwaga. Mbinu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kataguruma, yaani gurudumu la mabegani. Naomba msomaji aikumbuke, kwa kuwa tutakutana nayo tena.

Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akahamia kwa Iso Masatomo, bingwa aliyesisitiza kata kuliko randori, naye akafariki mwaka 1881. Mwalimu wa tatu alikuwa Iikubo Tsunetoshi wa mkondo wa Kito, aliyekuwa fundi wa miereka. Kwa kushindana na Iikubo, Kano aligundua siri ambayo iliubadilisha ufundi wote. Mtu aliyesimama wima husimama kwa sababu uzito wake uko juu ya nyayo zake. Ukimsukuma naye akasukuma, au ukimvuta naye akavuta, mnapimana nguvu, na mwenye nguvu atashinda. Lakini akikusukuma nawe ukamvuta, uzito wake utavuka mpaka wa nyayo zake, na kwa nukta hiyo fupi jitu zima huwa jepesi kama mtoto. Kano alianza kumwangusha mwalimu wake mara kwa mara. Iikubo, kwa uungwana, alimwambia kwamba hana la kumfunza tena katika jambo hilo, na mnamo 1883 akamkabidhi hati ya umahiri.

Kabla ya hapo, mwaka 1882, Kano alikwisha kuanzisha chuo chake mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 21, tena ndio kwanza ameajiriwa kufunza katika Gakushuin, shule ya watoto wa makabaila. Alipewa chumba katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, chumba chenye ukubwa wa mikeka 12, na wanafunzi wake walikuwa 9. Chuo hicho alikiita Kodokan, maana yake mahali pa kujifunza njia. Sanaa yenyewe hakuiita jujutsu bali judo. Neno la mwisho, jutsu, ambalo ni ufundi, alilibadilisha kwa do, ambalo ni njia. Kwake ufundi wa kupigana ulikuwa mlango wa kuingilia malezi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja. Jujutsu ya kale ilikuwa na mbinu za kutisha: kuvunja vidole, kupinda shingo, kutonesha macho, kupiga sehemu nyeti za mwili. Hapana shaka mbinu hizo ni za hatari kwa adui. Lakini zina kasoro moja kubwa: haziwezi kuzoezwa kwa ukamilifu. Huwezi kulivunja goti la mwenzako Jumatatu na kutaraji aje mazoezini Jumanne. Kwa hivyo zilizoezwa kwa makubaliano. Mmoja alinyosha mkono polepole, wa pili akaushika, wa kwanza akajiangusha. Baada ya miaka 10 ya kufanya hivyo mtu aliamini kuwa yeye ni hatari, ilhali hakuwahi hata siku moja kukutana na mkono unaokataa kushikwa.

Kano alichagua kinyume chake. Katika randori aliziondoa mbinu zinazovunja na kuua, akabakisha zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote dhidi ya mwenzake anayepinga kwa nguvu zake zote, kisha wote wawili wakainuka na kuanza tena: miereka, mitama, kumbana mtu chini, kabali, na kukunja viungo vichache. Akasisitiza pia ufundi wa kuanguka, yaani kidevu kibanwe kifuani na mkono upige mkeka ili kishindo kisambae mwilini. Wako watu wengi ambao hawatashambuliwa na jambazi maisha yao yote, lakini kila mmoja wetu siku moja atateleza.

Wakosoaji walidai kwamba aling'oa meno ya simba. Matokeo hayakuwaunga mkono. Katika miaka ya 1880 idara ya polisi ya Tokyo ilipanga mashindano baina ya mikondo ya jujutsu, na wanafunzi wa Kodokan, akiwemo Saigo Shiro aliyekuwa mdogo wa mwili kama mwalimu wake, walijipatia sifa kubwa kwa kuwashinda wengi wa wapinzani wao. Mbinu zao zilikuwa chache, lakini kila moja ilikuwa imejaribiwa maelfu ya mara kwa mtu asiyetaka kuanguka. Miaka mingi baadaye mwanafunzi mwingine wa Kodokan, Maeda Mitsuyo, aliondoka Japani mwaka 1904 akazunguka mabara akipambana na mabondia na wanamieleka, hatimaye akakaa Brazili na kuwafunza vijana wa huko, akiwemo Carlos Gracie. Mwaka 1993, huko Marekani, mashindano yaliyokutanisha mitindo mbalimbali kwa kanuni chache mno yalishindwa na Royce Gracie, mpwa wake Carlos, aliyekuwa mwembamba kuliko wengi wa washindani. Msingi wa mafunzo yake ulikuwa ule ule wa chumba cha mikeka 12: kushindana kila siku na mtu anayekataa.

Kama mwanaisimu, siwezi kulipita jambo moja. Katika maelezo yake Kano alilinganisha mazoezi ya judo na ujifunzaji wa lugha. Kata aliifananisha na sarufi, na randori na utungaji. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyejua lugha za kigeni na aliyefunza kwa mikono yake. Mwanafunzi anayeikariri sarufi pasi na kuzungumza atayajua maumbo yote ya vitenzi, na siku atakapokutana na mzungumzaji atabaki ameduwaa, kwa kuwa mzungumzaji halisi hafuati zamu iliyoandikwa kitabuni. Naye anayezungumza tu bila sarufi atasema haraka lakini ndani ya uwanja mwembamba wa mazoea yake, na siku mada ikibadilika atakwama. Kwa mujibu wa Kano, mtu alihitaji vyote viwili.

Kwa hivyo si kweli kwamba Kano alizitupa zile mbinu za hatari. Alizihamishia katika kata. Ipo kata iitwayo Kime, ambayo pia iliitwa kata ya pambano la kweli. Ina vitendo 20, vinane vya kupiga magoti na 12 vya kusimama, navyo vinahusu kushikwa, kupigwa ngumi, kuchomwa jambia na kukatwa upanga. Mnamo 1906 kamati ya mabingwa wa mikondo mbalimbali, Kano akiwa kiongozi, iliiweka katika umbo lake rasmi. Maana yake ilikuwa wazi: aliye mkekani asisahau kuwa nje ya mkeka kuna visu.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Maadamu mashindano yalikua, kanuni nazo zilikua, na kila kanuni ilimfinyanga mshindani. Mwaka 1899 kamati aliyoiongoza Kano chini ya Butokukai, shirika la sanaa za vita lililoasisiwa Kyoto mwaka 1895, ilitunga kanuni za mashindano, na kwa sababu za usalama baadhi ya mbinu za kukunja viungo zikakatazwa. Marekebisho yaliyofuata yalipunguza zaidi, hata mwishowe kiungo kilichoruhusiwa kukunjwa kikawa kiwiko peke yake. Wakati huo huo kulitokea bingwa wa mkondo wa Fusen, Tanabe Mataemon, aliyewashinda watu wa Kodokan kwa kulala nao chini, mahali ambapo wao hawakuwa wamejiandaa. Kano hakununa. Aliwaamuru wanafunzi wake wajifunze mapambano ya chini. Kwa hatua hiyo alionyesha kuwa mpinzani anayekushinda ni mwalimu wako.

Ajabu ni kwamba dawa hiyo ilizaa ugonjwa mwingine. Kuanzia mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Kyoto kiliandaa mashindano ya timu za shule za juu. Wanafunzi waliokuwa na miaka mitatu tu ya kujiandaa waligundua kuwa ufundi wa chini hushikika upesi kuliko miereka, na kwamba mtu dhaifu akilala chini na kujifungia kama kobe anaweza kupata sare na kuiokoa timu yake. Basi wakawa wanaketi mara tu pambano linapoanza. Ulikuwa ujanja halali kabisa ndani ya kanuni. Kano, kwa upande wake, aliona hatari: mtu anayezoea kujilaza mbele ya mpinzani mmoja atafanya nini siku atakapozingirwa na watatu, na chini pana mawe badala ya mkeka? Mwaka 1925 Kodokan ilibadilisha kanuni ili kuyawekea mipaka mapambano ya chini na kuipa miereka nafasi ya kwanza.

Isitoshe, katika miaka yake ya mwisho Kano alitafuta nje kile alichoona kinapungua nyumbani. Mwaka 1922 alimwalika Kodokan Funakoshi Gichin, mwalimu kutoka Okinawa, aonyeshe karate, sanaa iliyokuwa haijulikani sana Tokyo. Mwaka 1927 alichapisha mfumo wa mazoezi ya taifa uliojumuisha ngumi na mateke, ili mtu akijenga afya awe pia anajifunza kujihami. Mwaka uliofuata, ndani ya Kodokan, kukaundwa jumuiya ya kuchunguza sanaa za kale za vita. Mwaka 1930 alimtembelea Ueshiba Morihei, aliyekuja kuwa mwasisi wa aikido, akavutiwa, na akawatuma baadhi ya wanafunzi wake wakasome kwake, mmoja wao akiwa Mochizuki Minoru. Ni wakuu wachache wa vyuo wanaoweza kuwatuma wanafunzi wao bora kwenda kufunzwa na mtu mwingine wasione haya.

Wala hakuwasahau wanawake. Alianza kumfunza mwanamke judo mwaka 1893, na mwaka 1926 Kodokan ikafungua rasmi idara ya wanawake. Hawakuruhusiwa kushindana, jambo ambalo leo tungelihesabu kuwa dhuluma, na ni kweli. Ilibidi dunia ingoje hadi mwaka 1992 ndipo wanawake wapiganie medali za judo katika Olimpiki. Hata hivyo, mwanamke wa Kijapani wa zama zile kufunzwa kumwangusha mtu aliyemshika haikuwa hatua ndogo.

Judo ilikuwa sehemu tu ya shughuli za Kano. Alikuwa mkuu wa shule huko Kumamoto kuanzia mwaka 1891, ambapo mwandishi Lafcadio Hearn alifunza chini yake. Kisha, kwa zaidi ya miaka 20 kwa jumla, aliiongoza Shule ya Juu ya Ualimu ya Tokyo, iliyowatoa walimu waliosambaa Japani nzima. Alianzisha pia chuo cha wanafunzi kutoka Uchina, na miongoni mwa waliopitia hapo, kati ya mwaka 1902 na 1904, ni Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa fasihi ya Kichina ya kisasa. Falsafa yake aliifupisha katika misingi miwili: kutumia nguvu za mwili na akili kwa namna iliyo bora kabisa, na kustawi kwa pamoja, mimi na mwenzangu. Kwa msingi wa pili, anayekuangukia mkekani si adui. Amekuazima mwili wake ujifunzie, nawe unawajibika kuurudisha mzima.

Kuna kisa kinachosimuliwa kumhusu, cha wakati alipokuwa melini akirejea kutoka Ulaya mwaka 1891. Afisa mmoja wa Kirusi, pande la mtu, alitaka kumjaribu mbele ya abiria. Kano alimwangusha, na alipokuwa bado hewani akamwekea mkono chini ya kichwa kisije kikagonga sitaha. Watu walishangilia ushindi huo. Mimi hustaajabishwa zaidi na ule mkono. Anayejua mbinu za kuua tu hana hiari, kwani kila ugomvi kwake ni wa kuua au kuuawa. Aliyezoea kumwangusha mtu asimuumize, huku mtu huyo akipinga, anao uwezo wa kuchagua kiasi cha nguvu. Sheria ya nchi yoyote ile humtazama anayejihami kwa kipimo hicho hicho cha kiasi.

Mwaka 1909 Kano aliteuliwa katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akawa mjumbe wa kwanza kutoka bara la Asia. Mwaka 1912 aliongoza msafara wa kwanza wa Japani kwenye michezo hiyo, huko Stockholm, ukiwa na wanariadha wawili tu. Mtu angedhani kwamba aliutumia wadhifa huo kuiingiza judo katika Olimpiki. Gunji Koizumi, mwasisi wa chuo cha judo jijini London, alieleza kuwa walipozungumza mwaka 1936 Kano hakuonyesha shauku hiyo. Hakupinga wengine wakitaka, lakini alihofia kuwa judo, iliyo njia ya maisha, itageuzwa mchezo wa kushindana na kushinda tu. Alichokipigania ni Tokyo kuandaa michezo ya mwaka 1940. Kwa ajili hiyo, akiwa na umri wa miaka 77, alisafiri hadi Cairo, Misri, kwenye mkutano wa kamati wa Machi 1938. Akiwa safarini kurudi kupitia Amerika Kaskazini alishikwa na nimonia, akafariki tarehe 4 Mei 1938 ndani ya meli Hikawa Maru, siku mbili tu kabla ya kufika Yokohama. Miezi miwili baadaye serikali ya Japani, iliyokuwa vitani Uchina, iliiacha michezo yenyewe.

Yaliyofuata yaliithibitisha hofu yake. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, majeshi yaliyoikalia Japani yalipiga marufuku sanaa za vita mashuleni, na judo iliporuhusiwa tena mwaka 1950 ilirudi ikiwa imevaa vazi la michezo. Mwaka 1956 yalitokea mambo mawili kwa mpigo. Mashindano ya kwanza ya dunia ya judo yalifanyika Tokyo, na mwaka huo huo Kodokan ikatoa kata mpya ya kujihami yenye vitendo 21, vinavyohusu kisu, fimbo na hata bastola. Mashindano yalienea duniani kote. Kata hiyo imebaki kuwa ya wachache. Mwaka 1964 judo iliingia Olimpiki, ikaja na madaraja ya uzito. Sanaa iliyobuniwa ili mdogo amkabili mkubwa ikaanza kumtenganisha mdogo na mkubwa.

Na ile kataguruma? Kanuni za kimataifa za mwaka 2010 zilianza kukataza kushika miguu ya mpinzani kwa mikono, na miaka michache baadaye katazo likakazwa. Kwa hivyo mbinu ambayo kijana Kano aliitoa maktabani ili amwangushe Fukushima, akiwa amemshika paja, ikawa kosa mbele ya refa. Imehifadhiwa katika kata. Mshindani aliyefunzwa chini ya kanuni hizo pekee hajui kumshika mtu mguu, na zaidi ya hapo hajui kujikinga mtu akimshika yeye. Nguvu za mamba ni maji. Ukimtoa majini utamwona ni mwingine.

Tufunzwe nini basi na maisha haya? Kwanza, uhalisi wa mazoezi haupimwi kwa ukali wa mbinu. Hupimwa kwa upinzani wa mwenza. Mkufunzi anayejigamba kwa mapigo ya siri, na wanafunzi wake hawajawahi kushikana na mtu asiyetaka kushindwa, anauza ndoto. Pili, upinzani huo hauna budi kuwekewa kanuni, na kila kanuni huacha pengo ambalo mjanja wa nje atalipita. Kwa hivyo mkufunzi mwaminifu huwaonyesha wanafunzi mapengo hayo: leo tumefanya mchezo, sasa tufanye mtu akiwa na kisu, wakiwa wawili, ukutani, gizani, na kabla ya yote tujifunze kupiga kelele na kukimbia, mambo mawili yasiyo na pointi katika mashindano yoyote. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, wanawake wazee waliochoshwa na kushambuliwa waliwahi kukusanyika kufunzwa kujihami. Hawakufunzwa kwa ajili ya medali. Walifunzwa kupaza sauti ya kukataa, kupiga pua kwa kiganja, na kupata nafasi ya kutoroka, nao waliyarudia hayo kwa vitendo hadi yakawa mazoea. Naamini Kano angelivua viatu na kuingia kutazama.

Tatu, na hili nawaachia walimu wenzangu. Wale wanafunzi wa Kyoto waliojilaza chini ili wapate sare hawakuwa wavivu. Walisoma kanuni vizuri kuliko waliozitunga. Nasi katika madarasa yetu tumewalea wengi wa namna hiyo. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023 baada ya miaka karibu 40, na mtaala wa umilisi ukachukua nafasi yake, lakini kubadilisha mtaala si kubadilisha mazoea. Mwanafunzi aliyekariri majibu ya karatasi za miaka iliyopita ni bingwa wa mkeka. Maisha yatamshika mguu. Kano hakuufuta mtihani wala hakuyafuta mashindano. Alishindana tangu ujana na akawashindanisha wengine. Alichokataa ni kuyafanya mashindano kuwa ndiyo mwisho wa safari. Tukiingia darasani kesho, tujiulize kila mara ni kipi kati ya tunachofunza kitakachomfaa mwanafunzi siku ambayo hapatakuwa na refa.